Vikundi vya mtandaoni vya kupunguza msongo kwa wenye ugonjwa sugu wa ini: kipi kinamfaa nani

Mtu mwenye homa ya ini B, sirosisi (ini lililojaa makovu), ini lenye mafuta au ini lililoharibiwa na kichocho akitafuta mtandaoni kikundi cha kumsaidia kukabili msongo wa mawazo, atakutana na matangazo yanayofanana: kikao kimoja kwa wiki, kiungo cha Zoom, mwezeshaji mwenye sauti ya upole, mazoezi ya kupumua. Lakini ndani ya matangazo hayo mna vitu vinne visivyofanana. Kuna mafunzo ya umakinifu, maarufu kama MBSR. Kuna tiba ya fikra na tabia, CBT. Kuna mbinu fupi za Shirika la Afya Duniani (WHO), yaani PM+ (kushughulikia matatizo) na SH+ (kujisaidia mwenyewe). Na kuna kikundi cha wagonjwa wenza, ambacho hakina mtaala wowote, watu wanakutana na kuongea.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Jina la mbinu ni la mwisho kuangalia. La kwanza ni aina ya mzigo ulio nao: je, kinachokukosesha usingizi ni wazo lisilo la kweli, ni tatizo la kweli lenye ufumbuzi, au ni jambo la kweli lisilo na ufumbuzi wa leo wala kesho? La pili ni ini lenyewe: linakuruhusu kukaa mbele ya simu kwa muda gani kabla mwili haujadai chake? Ukijibu hayo mawili, mara nyingi uchaguzi umeshafanyika.

Na hakuna hata kimoja kati ya vinne hivi kinachopunguza virusi au kuondoa makovu ya ini. Anayekuuzia kikundi kwa ahadi hiyo, muache na kikundi chake. Vidonge vya tenofovir, dawa ya homa ya ini B, vinaendelea kunywewa kila siku hata kama moyo umetulia.

| | MBSR | CBT ya kikundi | PM+ na SH+ | Wagonjwa wenza |
|---|---|---|---|---|
| Urefu | Wiki 8, saa 2 hadi 2½ kila wiki, pamoja na siku moja nzima ya ukimya | Kwa kawaida vikao 6 hadi 12 | Vikao 5 | Hakuna mwisho |
| Kazi ya nyumbani | Takriban dakika 45 kwa siku | Daftari la mawazo | Hatua moja ndogo kwa wiki na zoezi fupi | Hakuna |
| Anayeongoza | Mwalimu aliyefuzu MBSR | Mwanasaikolojia au mtaalamu wa afya ya akili | Mtu wa kawaida aliyefunzwa na anayesimamiwa. SH+ huendeshwa kwa sauti iliyorekodiwa | Mgonjwa mzoefu, afadhali akiwa na muuguzi nyuma yake |
| Mzigo unaokifaa | Mwasho, uchovu, kusubiri majibu | Hofu na lawama zisizo na msingi | Nauli, kazi, ndoa, kliniki | Siri na upweke |

CBT: pale wazo linapokudanganya

Kazi ya CBT inaonekana vizuri kwenye daftari. Chukua mama aliyegundulika na homa ya ini B alipokwenda kujitolea damu. Safu ya kwanza ni tukio: mtoto wa miaka minne amekula kwa kijiko chake. Safu ya pili ni wazo: "Nimeshamwambukiza." Ya tatu ni hisia na uzito wake: hofu, 90 kwa 100. Ya nne ni ushahidi unaounga mkono: nina virusi, na ametumia kijiko changu. Ya tano ni ushahidi unaopinga: virusi hivi havienei kwa kula sahani moja, kukumbatiana au kupeana mkono, hupita kwa damu, kwa ngono isiyo na kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, tena kadi ya kliniki ya mtoto inaonyesha amemaliza chanjo ya Penta, ambayo ndani yake mna kinga ya homa ya ini B. Safu ya sita ni wazo jipya: "Kijiko si njia ya kuambukiza. Vya kutenga ni wembe, mswaki na mkasi wa kucha." Hofu inapimwa tena: 30.

Ukifanya zoezi hilo mbele ya watu wanane wenye hofu ileile, linawagusa wote kwa pamoja, na hapo kikundi kinakuwa na nguvu kuliko kikao cha mtu mmoja na mshauri wake. Mtandaoni, mwezeshaji aonyeshe jedwali kwenye skrini na kila mmoja ajaze lake kwenye daftari la karatasi. Kujaza kwenye simu hiyohiyo inayoendesha kikao hakuwezekani. Watu hubonyeza huku na kule, wanatoka kwenye kikao, na nusu ya muda inaishia kuwarudisha.

CBT huharibika mwezeshaji anapochukulia kila wasiwasi kuwa wazo potofu. Anayesema "sijui pesa ya kipimo cha wingi wa virusi itatoka wapi" hajakosea kufikiri. Ukimwambia atafute ushahidi unaopinga, umemtukana. Wengi wanaoacha vikundi hivi wanaacha kwa sababu hiyo, na hawasemi. Wanazima kamera, kisha hawaonekani tena.

PM+ na SH+: pale tatizo ni la kweli

PM+ ilitolewa na WHO mwaka 2016, na toleo la kikundi likafuata mwaka 2020. Ilibuniwa iendeshwe na watu wasio wataalamu wa afya ya akili, na toleo la mtu mmoja mmoja lilijaribiwa, miongoni mwa nchi nyingine, Kenya. Mna mbinu nne: kutuliza mwili kwa pumzi, kushughulikia matatizo, kurudia shughuli zilizoachwa, na kuimarisha watu wa kukushika mkono.

Hiyo ya pili ndiyo inayowafaa sana wenye ugonjwa wa ini. Tuseme mvuvi wa Ukerewe ambaye kichocho kimemharibia mishipa inayoingia kwenye ini. Kwa wagonjwa wa aina hii ini mara nyingi bado linafanya kazi yake vizuri. Hatari kubwa ni mishipa iliyovimba kwenye umio (njia ya chakula), ambayo inaweza kupasuka na kumwaga damu. Anatakiwa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, akapimwe kwa kamera ya tumbo na mishipa ifungwe, na anashindwa. Kwanza anaorodhesha matatizo yote na kuyagawa: yanayotatulika, yasiyotatulika, yasiyo na uzito. Anachukua moja tu linalotatulika na kulipunguza mpaka lishikike. Si "sina pesa" bali "nauli ya kivuko na malazi ya usiku mmoja mwezi ujao". Kikundi kinamwaga mawazo yote bila kuyachuja: ndugu aliyeko Mwanza, kuahirisha deni la nyavu, kuuliza kliniki kama vipimo vyote vinaweza kufanyika siku moja, bima. Kisha anachagua moja au mawili, anaandika siku na saa ya kuanza, na wiki inayofuata kikundi kinamuuliza imekuwaje.

Kosa la kawaida ni wenzake kugeuka washauri: "Ungefanya hivi." Mwezeshaji mzuri huwazuia hapo hapo, kwa sababu mpango aliopangiwa mtu na wengine hautekelezwi.

SH+ ni kitu kingine, ingawa watu huichanganya na PM+. Hapa mwezeshaji anacheza sauti iliyorekodiwa, na kikundi kinaweza kufika watu 30. Inafundisha kujishikiza kwenye kilichopo wakati mawazo yanakuzoa, na kutenda kwa kufuata unachokithamini hata kama maumivu hayajaondoka. Ilijaribiwa Uganda kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kwa mtandaoni ina faida moja kubwa: sauti ikitumwa kabla, mtandao ukikatika hujapoteza kitu. Hasara yake ni kwamba hutasikilizwa sana. Anayehitaji kutoa la moyoni atabaki nalo.

MBSR: nzuri, lakini ndefu kwa ini lililochoka

Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya watu wenye maumivu sugu. Kwa hiyo kwa mwasho unaoanza usiku, uchovu usioondoka kwa kulala, au miezi sita ya kusubiri kipimo kingine, inagusa penyewe: hujaribu kubishana na hali, unajifunza kuiangalia bila kuongezea hofu juu yake.

Tatizo ni umbo lake. Zoezi la kuupitia mwili kwa akili, kiungo baada ya kiungo, kwa dakika 45 ukiwa umelala chali, halimfai mwenye maji tumboni, atakosa pumzi. Mwenye usingizi wa mchana unaoletwa na sirosisi atalala dakika ya tano, na si uzembe. Siku nzima ya ukimya inagongana na milo, dawa za kupunguza maji mwilini na choo. Baadhi ya mikao ya yoga inabana tumbo.

Ndiyo maana watafiti wa Virginia waliochapisha jaribio lao mwaka 2017 hawakuwapa wagonjwa wa sirosisi programu nzima. Waliwapa vikao vinne vya saa moja, mara moja kwa wiki, na wakawaingiza walezi wao pia. Dalili za sonona zilipungua na usingizi ukawa bora, ingawa wasiwasi haukubadilika sana. Lilikuwa jaribio dogo lisilo na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusilipambe. Lakini funzo la kiutendaji liko wazi: kama ini lako limeshasinyaa, tafuta MBSR iliyofupishwa, na uulize kama mlezi anaruhusiwa kukaa nawe. Mwenye homa ya ini B tulivu au ini lenye mafuta, asiye na sirosisi, anaweza kuchukua wiki zote nane bila shida, akipata muda.

Wagonjwa wenza

Kuna siri ambazo mwanasaikolojia hazipunguzi uzito. Anayezipunguza ni mtu mwenye siri hiyohiyo. Kijana aliyepimwa kwa ajili ya kazi ya Ghuba, ambako homa ya ini B au C ni sababu ya kukataliwa, amepoteza safari na pia ameachwa na swali la nyumbani: "Mbona hukwenda?" Akimkuta aliyepitia hapo na sasa ana kazi Mombasa au Dar, na watoto wenye afya, anapumua. Kwa hili hatuoni mbinu inayoshinda kikundi cha wenza.

Ubovu wake ni mmoja, na ni mkubwa: dawa za mitishamba. Bila muuguzi au mfamasia kwenye kikundi, wiki ya pili mtu atatuma picha ya chupa ya "kusafisha ini". Kava, mmea unaouzwa kama kitulizo, na vidonge vya dondoo ya majani ya chai ya kijani vinauzwa mtandaoni kwa jina la utulivu au kupunguza uzito, na vyote viwili vimehusishwa na kuumia kwa ini. Sheria ya kikundi iwe ya mstari mmoja: hakuna kutaja dawa yoyote ya kununua. Anayevunja, ujumbe unafutwa.

Waliopata ugonjwa kwa pombe wanafaa wapate kikundi chao. Wakichanganywa na wenye homa ya ini B, kila upande unajilinda usifananishwe na mwenzake.

Ini linavyopanga ratiba

Hapa ndipo matangazo mengi hayasemi kitu. Anayekunywa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, analenga choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Kikao cha saa mbili bila mapumziko ni mateso kwake. Furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini, ikinywewa saa 2 asubuhi, kazi yake kubwa ni saa moja hadi mbili zinazofuata, na hupungua kuanzia kama saa 8 mchana. Kwa hiyo kikao cha asubuhi hakimfai. Saa 10 jioni inamfaa. Kikao kisizidi dakika 60, au kiwe vipande viwili vyenye mapumziko ya dakika 10 katikati.

Mwenye sirosisi pia hatakiwi kukaa na njaa muda mrefu, maana ini lake halina akiba ya kutosha ya sukari. Vikao vya usiku visile muda wa kitafunwa cha kabla ya kulala, chenye wanga wa gramu 50 hivi: vipande viwili vya mkate na ndizi moja mbivu vinafika hapo. Mwenye kisukari aulize kliniki kwanza.

Mazoezi nayo yabadilishwe. Pumzi: vuta kwa kuhesabu 4, toa kwa kuhesabu 6, dakika 5, bila kuibana katikati. Mwenye maji tumboni akae ameegemea mito, mgongo umeinuka nusu, na aache mbavu zipanuke pembeni badala ya kusukuma tumbo. Kizunguzungu kikija, anavuta hewa nyingi mno. Apunguze kina, si mwendo.

Zoezi la kukaza na kulegeza misuli, ambalo Edmund Jacobson alilibuni karne iliyopita, hupita makundi 16 ya misuli: kaza sekunde 5 hivi, legeza sekunde 20 hadi 30. Kwa ugonjwa wa ini tungelipunguza. Tumbo lirukwe kabisa kwa mwenye maji, henia ya kitovu au mishipa iliyovimba kwenye umio, kwa sababu watu hubana pumzi na kujikamua wanapokaza tumbo. Mashavu ya miguu yakazwe nusu nguvu au yaachwe. Kwenye sirosisi misuli hukamata kwa urahisi, na mkamato wa usiku ulioletwa na zoezi la utulivu unamfanya mtu asilirudie.

WhatsApp au Zoom?

Wengi wataanza WhatsApp kwa sababu iko kwenye simu tayari, na kwa vikundi vya hadi watu 32 simu ya sauti inatosha. Shida ni faragha. Kwenye kundi la kawaida namba ya kila mmoja inaonekana na wengine wote, na jina la kundi linatokea kwenye skrini hata simu ikiwa imefungwa. Kundi lisiitwe "Homa ya Ini B Temeke". Liitwe "Darasa la Jumatano". Zoom inakuruhusu kuingia kwa jina la kwanza tu au la kubuni, ila toleo la bure hukata baada ya dakika 40. Si lazima kulipia: fanyeni dakika 35, mwende chooni, mrudi kwa kiungo cha pili. Google Meet ya bure hufika dakika 60.

Sauti pekee hutumia megabaiti makumi kadhaa kwa saa; video ya kikundi inaweza kukaribia gigabaiti nzima. Kamera iwashwe dakika tano za mwanzo ili sura zijuane, kisha izimwe, bando lipone. Spika za masikioni si hiari kwa anayeishi chumba kimoja na wengine.

Na andikeni saa kwa namna isiyo na utata. Wenzetu walioko Muscat wako saa moja mbele ya Nairobi na Dar, walioko Uingereza wako nyuma na hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, na mwaliko ulioandikwa "8:00" unasomwa na huyu kama saa nane na yule kama saa mbili. Andika "saa 2 usiku, Afrika Mashariki".

Kwa waandaaji: majina na majibu ya vipimo ni taarifa binafsi zinazolindwa kisheria, Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa ya mwaka 2022. Msirekodi vikao.

Anayepaswa kusubiri

Mwenye kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, au mikono inayotetemeka kama mbawa akiinyoosha, aonane na daktari kabla ya kikundi chochote. Huenda sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa zimefika kwenye ubongo. Kliniki nyingine hutumia kipimo chepesi: taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja, kwa lugha unayoimudu. Chini ya 10 ni ishara ya kuchunguzwa zaidi. Kufunga choo kunaweza kuwa chanzo, na diazepamu, dawa ya kutuliza, vilevile. Hiki cha mwisho kinastahili kurudiwa, kwa sababu ndicho watu hupewa na jirani kwa ajili ya msongo: mwenye sirosisi asinywe diazepamu bila daktari wake wa ini kujua. Diklofenaki na ibuprofeni kwa kichwa kinachouma kwa mawazo nazo aziache. Zinaumiza figo na kuongeza hatari ya kutoka damu.

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, homa pamoja na tumbo kuuma: hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo, si ya kusimulia kikaoni.

Kabla ya kulipa chochote, muulize mwandaaji swali moja: mshiriki akizidiwa katikati ya kikao, mtajuaje alipo? Kikundi makini kinachukua mwanzoni namba ya ndugu mmoja na eneo unakoishi. Kisichofanya hivyo hakijawahi kufikiria siku mbaya.

Kupima kama kinakusaidia, jaza PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, kabla ya kikao cha kwanza na baada ya cha mwisho. Ina maswali 9 na alama 0 hadi 27. 10 na kuendelea inahitaji mtaalamu. Ila isomeni kwa akili: maswali ya uchovu, usingizi na hamu ya kula yanaweza kupanda kwa sababu ya ini tu, hivyo linganisha zaidi yale ya huzuni, kukosa hamu ya mambo na kujiona hufai. Swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri lipigiwe simu siku hiyohiyo na mtaalamu, nje ya kikundi. Na kama ni PM+ au CBT na kikao cha tatu kimepita bila wewe kujaribu hata kitu kimoja nyumbani, hama mbinu kabla ya kukata tamaa na vikundi vyote. Kwa wengi kinachofuata ni kikundi cha wenza, wakikaa humo mwezi mmoja kisha wakarudi kwenye mafunzo.